Lango la Kunde

Mama alimkataa Wichian kwa sababu hakujua kupatana bei.

Ndivyo alivyosema, na alisema kila alfajiri tulipofungua meza yetu ya mboga, huku akinyunyizia maji mchaichai na kuzilaza kunde mbichi za maganda marefu kama kamba, moja ubavuni mwa nyingine, mpaka meza ikawa kama imetandikwa mkeka wa kijani.

"Mwanaume unamtajia bei, anatoa hela, anaondoka," angesema. "Huyo ukimtuma sokoni atarudi kwa miguu. Ukimpa nyumba ataigawa. Asiyejua kubembeleza bei, atajua kubembeleza mke?"

Mimi niliendelea kufunga vitunguu vyangu kwa nyuzi. Ni kweli Wichian hakuwahi kumshusha Mama bei hata mara moja. Alikuwa mpishi, yeye na shangazi yake waliuza wali na michuzi ng'ambo ya daraja, na kila kukipambazuka alifika kwetu kabla ya mtu mwingine yeyote, kununua pilipili, mizizi ya khulinjani na kunde. Mama akitaja bei, yeye anatoa noti. Mama akikosea akataja kubwa zaidi, anatoa hiyohiyo.

Na noti yenyewe Mama hakuitia mfukoni hivihivi. Hela ya mteja wa kwanza ni hela ya kufungulia siku. Aliipigapiga juu ya ndimu, akaipitisha kwenye biringanya, akamalizia kwenye pilipili, akisema, "Heng, heng, heng," bahati, bahati, bahati, ili siku nzima mali itoke. Hata asubuhi zile alizomsema Wichian mpaka akachoka, noti yake aliipigapiga mpaka pembe ya mwisho ya meza.

Ungemwona alivyochagua pilipili. Alizishika mojamoja, akazigeuza, na wala hakuzitazama. Macho yake yalikuwa kwangu. Kisha angeuliza lilelile la kila siku:

"Ndimu za leo zina maji?"

"Kata uone."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu kwa misimu miwili ya mvua. Unaweza kucheka. Lakini mimi nililala nikiisubiri ile "ndimu za leo", na siku nilipokuwa na homa nikabaki nyumbani, aliniletea supu ya wali bakuli zima, akaliacha mlangoni, akakimbia kabla Mama hajatoka. Nilipenda. Sina neno jingine la kulizunguka.

Shida ilianza Bi Suphap alipokuja kuniposea kijana wake, Mwalimu Kowit. Mwalimu ana mshahara, ana pensheni inayomngoja, ana nyumba nyuma ya yetu. Mama alimpenda palepale. Akaomba apewe muda, wakakubaliana siku ya kutoa jibu. Nikamvuta Wichian pembeni, kwenye magunia ya nazi, nikamwambia bila kuzunguka, "Kama una neno la kumwambia mama yangu, Kaka Wichian, liseme kabla siku hiyo haijafika."

"Nitakuja, Sarapi."

Akapotea.

Asubuhi ya kwanza nikasema anaumwa. Ya pili nikasema shangazi yake ndiye anaumwa. Baadaye nikaacha kumtafutia sababu, na nikiwa na hasira naye huwa naliacha lile "kaka". Wichian. Wichian tu. Mpumbavu Wichian.

Sokoni nako pakalala. Mteja wetu wa kwanza siku ya kwanza alikuwa mzee aliyekamua ndimu ili aione, akaondoka bila kununua. Siku iliyofuata alikuja mama mmoja akataka kubadilishiwa tu noti. Mama akawa mkali kama siki. "Tangu bubu wako apotee, hata nzi hawatui hapa," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha.

Na sasa siku ya jibu ilikuwa imefika. Mchana ule Bi Suphap angekuja. Mama alikuwa amekwisha kumtengea maembe yake mazuri, yale ya manjano yenye ngozi laini, kwenye kikapu chini ya meza. Nilikuwa namenya vitunguu na sioni ninachomenya, ndipo nikamsikia Shangazi Lamduan, muuza nazi wa mwanzo wa njia yetu, akipaza ile sauti yake inayovuka mto.

"Hooooo!"

Na soko zima, bila kuuliza, likaitikia, "Hiiiu!"

Kila mtu kwetu anaijua ile sauti. Ni mwito wa msafara wa posa, bwana harusi akienda kwa bibi harusi. Nikainua kichwa. Nikaona kwanza majani ya miwa yakisugua turubai za juu. Kisha nikaona majani ya migomba. Kisha chini yake, katikati ya majani, shati limelowa jasho, nikamwona Wichian.

Mtu akibeba muwa mmoja sokoni hakuna atakayegeuka. Lakini miwa miwili mizima yenye majani yake, na migomba michanga miwili yenye mizizi na udongo, tena msimu wa harusi, tena inakuja kwenye meza yenye binti ambaye hajaolewa? Hivyo ndivyo vitu vinavyotangulia mahari. Hupandwa kwenye ua wa maharusi ili ndoa iwe tamu na watoto wachipue. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Amekuja!" muuza mayai akaniambia, akanibana mkono. "Si nilikuambia? Kimya kingi kina mshindo mkuu!"

Nakiri nilifurahi mno. Nikajipangusa uso ili nisionekane nalia, nikasahau kwamba mkono uleule, kabla ya vitunguu, ulikuwa umechambua pilipili kichaa. Basi machozi yakanitoka kwelikweli, mengi, na wanawake wakasema, "Tazama anavyompenda, masikini."

"Lango! Fungeni lango!" akaita Shangazi Lamduan.

Kwetu bwana harusi huzuiwa njiani kwa kamba mpaka alipe, lakini kamba haikuwapo. Muuza mayai akakwapua fungu la kunde mezani kwetu.

"Kunde zangu!" akasema Mama.

"Tunaziazima tu, Bunruean."

Wakazifunga ncha kwa ncha, huyu akashika huku, muuza samaki akashika kule, wakazinyoosha njiani kama mnyororo wa fedha wa harusi za matajiri. Wichian akafika, akasimama, majani yakimwangukia usoni.

"Shangazi zangu, nisikilizeni kwanza," akasema. "Hii miwa..."

"Tunaiona. Mizuri. Lipa lango."

"Lakini si..."

"Huna hela? Basi sema jina lake kwa sauti, tutakupunguzia."

"Sarapi," akasema. Nadhani lilimtoka tu.

"Hatujasikia!"

"Sarapi!" Safari hii hata mabaharia wa mto walisikia.

Wakazishusha kunde mpaka kiunoni. "Inama, kijana," akasema Shangazi Lamduan. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Akainama na mzigo wake wote, mizizi ya migomba ikamwagia udongo ndani ya beseni la muuza samaki, akatokea upande wa pili mbele ya meza yetu. Soko likapiga makofi. Mimi jicho moja limefumba, jingine linatoka maji, nikamwona kama mtu aliye nyuma ya dirisha la mvua, na bado nilimwona mzuri.

Akaniinamia. Akanong'ona.

"Sarapi. Hivi si vyetu."

"Nini?"

"Ni vya binamu yangu Prayun. Anaoa keshokutwa. Nilikuwa kwa mjomba siku zote hizi, nachinja, napika. Nimetumwa miwa."

Sijui kama umewahi kupewa kitu mbele ya watu, ukakikumbatia, kisha ukaambiwa ni cha jirani. Nilisikia uso wote ukiwaka, na safari hii si pilipili.

"Basi pita," nikasema.

"Siwezi kupita. Nyuma wamefunga."

"Pita mbele. Nenda kwa Prayun. Wichian, siku zote hizo hukuweza kupiga hata simu?"

"Kila nikiishika simu naona uso wa mama yako."

"Na mimi? Uso wangu huuoni?"

"Wako nauona hata bila simu."

Mama alikuwa ameweka mikono kiunoni.

"Mnanong'ona nini? Posa hainong'onwi."

Mashine ya kukuna nazi ikazimwa. Nilijua sasa Wichian atafanya nini: atatabasamu kama mjinga, ataacha watu waamini, kisha atatoroka, na mimi nitabaki hapa kusimulia mpaka uzeeni. Nikaanza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Wichian akaiegemeza miwa kwenye nguzo. Akaiweka migomba chini, taratibu, akaupangusa udongo mikononi. Akaunganisha viganja kifuani, akainama.

"Hivi si vyangu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ni vya binamu yangu. Nimetumwa."

Shangazi Lamduan akajishika mdomo. Mtu akaguna, "Lo." Mama akageuka rangi, na nikajua aibu ile aliiona kwa ajili yangu, si kwa ajili yake mwenyewe.

"Lakini," akasema Wichian, "kwa mjomba kunafikika kwa barabara ya nje. Ni karibu zaidi, na haina turubai za kukwaruza majani. Mimi nimepita hapa. Nilisema moyoni, nikibeba vitu hivi mbele ya watu wote wa soko hili nisife, basi nitaweza kusimama mbele ya mama yake Sarapi. Sijafa. Kwa hiyo nimesimama. Namwomba Sarapi, Mama."

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa akimwita Shangazi Bunruean, kama kila mnunuzi.

"Mama wa nani?" akasema Mama.

"Wangu, ukikubali."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi majani ya mgomba yaliyomng'ang'ania nyweleni. "Misimu miwili unanunua kwangu," akasema. "Hujawahi kunishusha hata baht moja. Mwanaume asiyejua thamani ya hela yake nitampa binti ale nini?"

Hapo Shangazi Lamduan akacheka mpaka akashika nguzo.

"Nani hajui? Huyu? Bunruean, huyu ananikausha koo kila siku kwa nazi moja! Aipige, aitikise, asikilize maji yake, aniambie imezeeka, aondoke, arudi, nimpe na tui la bure. Namwogopa mimi!"

"Na kwangu ananyang'anya mayai ya nyongeza," akasema muuza mayai.

"Samaki nampa kwa hasara ili tu aondoke," akasema muuza samaki, akitoa udongo ndani ya beseni lake.

Mama akabaki mdomo wazi. "Kwangu je?"

Wichian akaona haya kwa mara ya kwanza siku ile. "Kwako sijawahi kuisikia bei, Mama. Ukiitaja nakuwa namtazama mwanao."

Kicheko kilichofuata sijui nikielezeje. Mimi nilijificha nyuma ya mchaichai. Lakini Mama hakucheka. Alizichukua kunde mikononi mwa wenzake, akazinyoosha yeye mwenyewe mbele ya Wichian, ncha moja akanipa mimi niishike.

"Hili ndilo lango la dhahabu, la mwisho," akasema. "Lile jingine lilikuwa mchezo. Baht laki moja."

Wichian akaziinamia zile kunde. Nikamwona akibadilika. Macho yakawa madogo, midomo ikabana, na nikamtambua yule mtu ambaye Shangazi Lamduan alikuwa akimwogopa.

"Laki moja kwa lango hili? Mama, kunde zenyewe zimelala. Hii hapa ina tundu."

"Tundu liko wapi?"

"Hili."

"Hilo ni jino la mdudu. Kunde asiyoigusa mdudu imepigwa dawa. Elfu tisini."

"Ishirini."

"Elfu ishirini?"

"Ishirini tupu."

"Mwanangu mimi wa ishirini?"

"Mwanao hana bei, Mama, ndiyo maana yeye sijamgusa. Mimi nabishania lango."

Mama akawa na nuru usoni ambayo sikuwa nimeiona tangu Baba alipokuwa hai. Kuna watu hufurahi kuimba, kuna watu hufurahi kucheza. Mama yangu hufurahi kubishana na mtu anayejua.

"Elfu hamsini, na nimekuonea huruma."

"Ishirini, na nitakusaidia kufunga turubai."

"Usishuke, Mama," nikasema. "Mwache atoe jasho. Alipotea huyo."

"Umesikia?" akasema Mama. "Mwenye mali hataki nishuke."

"Nimesikia. Namwomba radhi mwenye mali." Akanitazama, na utani ukamtoka usoni. "Sitapotea tena, Sarapi."

Nilikaza ncha ya kunde niliyoishika.

Kisha Mama akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akazitazama kunde, akasema polepole, kama anayeziambia hizo kunde, "Ukimchukua huyu, mimi vitunguu nitafunga na nani?"

Hakuna aliyecheka.

"Nyumba ya Mwalimu Kowit iko nyuma yetu," akaendelea. "Nilisema angalau nitakuwa nasikia sufuria zake zikigongana. Nitajua yupo."

Basi ndilo hilo. Wala haikuwa pensheni. Siku zote nilikuwa namkasirikia kwa jambo ambalo hakuwahi kuwa nalo. Nikataka kuizunguka meza, lakini kunde ilikuwa mkononi mwangu na soko zima likitazama.

Wichian akasema, "Mama, wazee wetu hawakusema mwanaume ndiye huhamia ukweni? Mimi sina kiburi. Nitakuja na nguo zangu na kinu changu."

"Kinu gani?"

"Cha jiwe."

"Cha jiwe kina kelele."

"Kinaamsha mtaa. Saa ya kusaga viungo hata maiti anageuka."

Mama akafikiri. "Na mchi atashika nani, wewe au yeye?"

"Tutapokezana."

"Nitajua nani ni nani kwa mlio," akasema Mama. "Nikisikia anayesaga ni yeye peke yake siku tatu mfululizo, nakuja."

"Njoo na mchaichai."

"Mchaichai utanunua. Alfajiri, hapa, kabla hujakwenda kokote. Na utalipa."

"Hata nikiwa mkwe?"

"Hasa ukiwa mkwe. Siku hizi ulizopotea hapa palikuwa kama msibani. Mkono wako una bahati, Wichian. Mdomo ndio uliokuwa mgonjwa."

"Kwa hiyo lango ni ishirini?" akauliza.

"Ishirini. Mnyang'anyi mkubwa."

Vigelegele hatupigi kwetu, lakini ule mwito wa "hiiiu" ulipaa mpaka njiwa wa hekaluni wakaruka. Shangazi Lamduan alikuwa akilia wazi na hakuwa na pilipili mkononi.

"Na Bi Suphap?" akauliza mtu. "Si anakuja mchana?"

Mama akakivuta kikapu kutoka chini ya meza. "Atakula maembe yake. Mwalimu ni mtoto mzuri, hatakosa. Nitamwambia tu mteja wa kwanza ameshapita." Kisha akamgeukia Wichian. "Na wewe, miwa ya watu ipeleke kwa mwenyewe kabla haijanyauka. Yako utaichagua mwenyewe, na utakuja nayo kwa njia hii hii."

"Barabara ya nje ni karibu zaidi," akasema Wichian.

"Utapita hapa."

Akatoa noti ya kijani ya baht ishirini, imelowa jasho, akampa Mama kwa mikono miwili. Kisha akaiinua miwa begani, akaikumbatia migomba, akainama chini ya kunde ambayo mimi nilikuwa bado nimeishika. Alipokuwa karibu na bega langu akasimama kidogo.

"Ndimu za leo zina maji?"

"Kata uone, Kaka Wichian."

Akaenda, na majani yakasugua turubai mpaka mwisho wa njia.

Mama alibaki na ile noti. Ilikuwa hela yetu ya kwanza siku ile. Akaipigapiga juu ya ndimu, kama desturi, akaipitisha kwenye biringanya na pilipili, akazifikia kunde zilizokuwa zimekunjamana. Nikadhani amemaliza. Lakini akanizungukia mimi, akasimama mbele yangu, akaigusisha noti begani pangu, polepole.

"Heng," akasema. Akaigusisha bega la pili. "Heng."

La tatu halikumtoka. Akanivutia kifuani kwake na noti yake mkononi, na aproni yake ilinuka mchaichai.